Kakai Kilonzo, Mpiga Gitaa wa Ukambani

Watu wa Kitui na Makueni hawana haja ya kuambiwa Kakai Kilonzo alikuwa nani. Nyimbo zake zapigwa hata leo madukani, katika arusi, na katika magari yapitayo barabara ya Mombasa, ijapokuwa mwenyewe alifariki mwaka wa 1987. Lakini vijana wengi wazichezao walizaliwa baada ya kufa kwake, na wasomaji wa sehemu nyingine huenda wasijue habari zake. Basi yafaa kueleza muziki wake ulikuwa wa namna gani, na kwa nini jina lake lilivuka mipaka ya Ukambani, hali majina ya wengine wengi yalibaki nyumbani.

Kakai Kilonzo alizaliwa mwaka wa 1954. Bendi yake, iliyopata sifa tangu katikati ya miaka ya 1970, iliitwa Les Kilimambogo Brothers, maana yake Ndugu wa Kilimambogo. Kilimambogo ni mlima ulio karibu na mji wa Thika, ambao kwa Kimasai huitwa Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Neno “Les” si la Kikamba wala la Kiingereza, bali ni la Kifaransa. Siku zile bendi za Kongo zilipendwa mno mjini Nairobi, na vikundi vingi vya Kenya viliazima neno hilo ili kujipatia heshima mbele ya wachezaji dansi.

Msomaji asistaajabu akiwasikia wazee wakiuita muziki wa magitaa “jazi”. Jina hilo lilitoka kwa watu weusi wa Marekani, lakini lilipofika Afrika Mashariki maana yake iligeuka. Hapa kwetu lilikuwa jina la bendi yo yote ya dansi, kama Dar es Salaam Jazz Band iliyoanzishwa katika miaka ya 1930, au Shirati Jazz ya marehemu D. O. Misiani.

Wakamba walikuwa na muziki wao zamani sana kabla ya gitaa. Kulikuwa na ngoma ya kilumi, ambayo wanawake waliipiga kwa kuombea mvua na kutuliza pepo. Na kulikuwa na nyimbo za myali, ambazo vijana walizitumia kumsema hadharani mtu aliyeharibu adabu za kijiji. Baada ya Vita Kuu ya Pili gitaa lilizidi kuenea katika Kenya, na kijana asiyekuwa na fedha aliweza kujitengenezea la kwake kwa debe, ubao na waya. Katika miaka ya 1960 ukatokea Nyanza muziki wa benga, ambao magitaa yake hufuata mapigo ya nyatiti ya Wajaluo. Wakamba waliipokea benga hiyo, lakini hawakuiacha kama walivyoipokea.

Tofauti yenyewe ni hii. Katika bendi ya Kikamba gitaa la besi na ngoma hushika mwendo, nalo gitaa moja hupiga sauti za katikati bila kukoma. Gitaa jingine hupanda juu sana, likapiga sauti nyembamba za haraka haraka, moja moja, zikijaza kila nafasi iliyoachwa na wenzake. Asiyezoea huenda asilitambue kwa mara ya kwanza. Lakini likiondolewa, wimbo wote huwa kama kikapu kilichochomolewa ukindu. Kwa hiyo mpiga gitaa wa Kikamba hasifiwi kwa kujionyesha peke yake, bali kwa kujua mahali wenzake walipoacha nafasi.

Hata umbo la sahani ya santuri lilisaidia kuufanya muziki huu uwe kama ulivyo. Nyimbo ziliuzwa katika sahani ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo upande mmoja hautoshi ila kwa dakika chache. Basi wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza mwimbaji hutoa habari yake, na msikilizaji akigeuza sahani, magitaa hupata uwanja mpana zaidi.

Kakai Kilonzo hakuwa peke yake. Walikuwako Peter Mwambi na Kyanganga Boys, na pia Kalambya Boys, ambao waliwapigia muziki wasichana wa Kalambya Sisters. Vikundi hivi ndivyo vilivyotawala dansi za Wakamba tangu katikati ya miaka ya 1970 mpaka katikati ya miaka ya 1980. Kila kiongozi alikabiliwa na shauri gumu: aimbe kwa lugha gani? Aimbaye kwa Kikamba huelewa mafumbo ya watu wake, nao huyaelewa ya kwake. Lakini sahani zake haziuziki sana Kisumu wala Nyeri. Aimbaye kwa Kiswahili hupata nchi nzima, lakini huenda akaambiwa nyumbani kwamba amewatupa wenziwe. Wasikilizaji wa Mwambi walikuwa hasa Wakamba wenyewe. Kakai Kilonzo aliimba kwa lugha zote mbili. Magitaa aliyaacha yaseme Kikamba, na maneno akayatia katika Kiswahili chepesi kila alipotaka kusikiwa na wote. Kwa njia hiyo alipendwa na watu wa makabila mengi bila ya kuwapoteza wa kwao.

Alikuwa na umri wa miaka 33 hivi alipofariki. Wakati huohuo biashara ya sahani ilikuwa ikidhoofika, kwa kuwa kanda zilikuwa zimeenea, na mtu ye yote mwenye mashine aliweza kunakili wimbo na kuuza bila ya kumpa mwenyewe hata senti. Kenya ilikuwa na sheria ya haki ya mtungaji tangu mwaka wa 1966, lakini sheria haifai kitu ikiwa mnunuzi hajali na mtungaji haijui. Ng'ombe akiibwa, kijiji kizima hufuata nyayo. Wimbo ukiibwa, watu huucheza.

Mwenye gitaa leo katika Mwingi, Wote au Kibwezi ana mambo mawili ya kujifunza katika habari hizi. La kwanza, mtu aweza kuazima muziki wa jirani na kuuimba katika lugha ya wote, na bado ukajulikana umetoka wapi. La pili, wimbo ni mali kama shamba. Anayeutunga na auandikishe kwa jina lake angali hai, na anayeupenda na aununue kwa mwenyewe, ili watoto wa mtungaji wasirithi sifa peke yake.