Vitoto vya mbuzi na upungufu usioonekana malishoni

Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki hupima malisho kwa macho: majani yakiwa mengi, mifugo huhesabiwa kuwa imeshiba. Historia ya eneo la Nakuru nchini Kenya yaonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi.

Katika karne ya 20, ng'ombe na kondoo wa sehemu hiyo ya Bonde la Ufa walikonda na kufa ilhali nyasi zilikuwa tele. Maradhi hayo yaliitwa Nakuruitis. Chanzo chake kilikuwa udongo wa asili ya volkano uliopungukiwa na madini ya kobalti. Mwaka 1935 watafiti nchini Australia walithibitisha kuwa ukosefu wa kobalti hudhoofisha mifugo, na baada ya vitamini B12 kupatikana mwaka 1948, ikafahamika kuwa kobalti ni sehemu ya vitamini hiyo. Vijidudu vilivyomo katika tumbo kubwa la mbuzi huitengeneza, mradi vipate kobalti katika chakula.

Hata hivyo, tumbo hilo la kitoto cha mbuzi huchukua takriban wiki 6 hadi 8 kukomaa. Kabla ya hapo kitoto hutegemea maziwa, na zaidi ya yote dang'a, yaani maziwa ya mwanzo, kwa kuwa vitamini A na E humfikia kwa uchache mno angali tumboni. Kitoto chenye uzito wa kilo 3 chahitaji kiasi cha mililita 300 za dang'a katika saa 24 za kwanza, na fungu la kwanza lisicheleweshwe.

Upungufu mwingine huanza kabla ya kuzaliwa. Mbuzi mwenye mimba akikosa madini ya shaba, kitoto huweza kuzaliwa na miguu ya nyuma iliyolegea, kwani neva za uti wa mgongo hazikujengeka sawasawa. Dhara hilo haliponi kwa dawa. Kinga yake ni kumlisha mama.

Seleniamu nayo, ikishirikiana na vitamini E, huilinda misuli. Umuhimu wake ulidhihirika kwa wanadamu nchini China, ambako maradhi ya moyo yaliyoonekana mwaka 1935 katika wilaya ya Keshan, mkoa wa Heilongjiang, yalihusishwa baadaye na udongo usio na seleniamu ya kutosha. Vitoto vya mbuzi vinavyoikosa hukakamaa misuli, na vingine hufa ghafla moyo unaposhindwa.

Je, mfugaji atoe kila kirutubisho kinachouzwa dukani? La. Shaba na seleniamu zikizidi ni sumu, na kuchanganya sindano, vidonge na chumvi ya kulamba bila kupima jumla yake kwaweza kuua kitoto kilichokusudiwa kuokolewa. Busara ni kumuuliza daktari wa mifugo ni madini gani yanayokosekana katika udongo wa mahali husika, kisha kutoa hayo tu, kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mnyama.