Nani Afungue Lango? Mafunzo ya Mtera na Mto Ruaha Mkuu

Katika madarasa yetu ya siasa tunarudia mara kwa mara kwamba njia kuu za uchumi hazina budi kuwa mikononi mwa umma. Kada akiulizwa njia hizo ni zipi, atataja ardhi, viwanda, mabenki na reli. Ni nadra sana kumsikia akitaja lango la bwawa. Hata hivyo, mtu aliyekabidhiwa kufungua na kufunga lango hilo huamua mambo mazito kila siku: mitambo ya umeme itazunguka au itasimama, shamba lililo chini ya bwawa litapata maji au litakauka, samaki watazaa au mayai yao yatabaki kwenye matope makavu. Maamuzi hayo huitwa ya kitaalamu, nayo kweli yanahitaji utaalamu. Lakini kuamua nani apate kwanza na nani angoje ni kugawa mali ya umma, na kugawa mali ya umma ni siasa.

Makala haya yanajaribu kueleza jambo hili kwa mfano wa nchini mwetu, yaani bwawa la Mtera na Mto Ruaha Mkuu.

1. MTO NA WATU WAKE

Ruaha Mkuu hupata maji yake ya mwanzo kutoka milima ya Poroto na Kipengere. Huteremka katika bonde la Usangu, mahali penye majaruba ya mpunga ya wakulima wadogo na mashamba makubwa yaliyoanzishwa na Serikali kama vile Mbarali na Kapunga. Kutoka hapo huingia katika ardhi oevu ya Ihefu, hutokea Ng'iriama, hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha hufika Mtera, mpakani mwa mikoa ya Iringa na Dodoma. Mtera haitegemei Usangu peke yake: hupokea pia maji ya Ruaha Mdogo na ya Kisigo.

Mtambo wa Kidatu, ulio chini zaidi ya mto, ulianza kazi mwaka 1975 na baadaye ukafikia megawati 204. Bwawa la Kidatu ni dogo. Uwezo wake ni mita za ujazo milioni 125 tu. Ndiyo maana mwaka 1980 likakamilishwa bwawa la Mtera kuwa ghala la Kidatu, lenye nafasi ya mita za ujazo zipatazo bilioni 3.2 zinazoweza kutumika. Mtera yenyewe ilipata mtambo wake wa megawati 80 mwaka 1988. Kina cha juu ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na kina cha chini kinachoruhusiwa kwa uzalishaji wa umeme ni mita 690. Kwa maneno mengine, maisha ya bwawa zima yamo katika mita nane na nusu.

2. KANUNI YA KUACHIA MAJI

Mkulima mwenye ghala anaijua kanuni hii bila ya kufundishwa. Chakula cha kiangazi hakiliwi wakati wa mavuno. Kwanza unakula kilichopo shambani, na cha ghalani unakiacha kwa ajili ya miezi ya njaa.

Kati ya Mtera na Kidatu huingia mito mingine, mkubwa wao ukiwa Lukosi. Wakati wa mvua mito hiyo inaweza kuijaza Kidatu bila ya msaada wa Mtera. Kwa hiyo katika miezi hiyo lango la Mtera linapaswa kubanwa, Kidatu iendeshwe kwa maji ya mito ya jirani, na Mtera ijaze ghala. Kiangazi kikija, Lukosi ikipungua, ndipo Mtera inapofunguliwa kwa kipimo.

Tuone hesabu ya mfano. Lango likiachia mita za ujazo 50 kwa sekunde, kwa siku moja zimepita mita za ujazo milioni 4.32. Kwa siku 30 zimepita milioni 129.6. Ikiwa Kidatu tayari imejaa, maji hayo, ambayo ni zaidi ya uwezo wa bwawa zima la Kidatu, yatamwagika juu ya ukuta bila ya kuzungusha mtambo wa Kidatu hata mara moja.

Lakini kanuni hii isigeuzwe kuwa uroho wa kulimbikiza. Mtera ni bwawa pana na la kina kifupi katika nchi kame. Likijaa hufunika eneo la kilomita za mraba zipatazo 600, na jua hunyonya yapata mita 2 za kina kwa mwaka. Maana yake ni kwamba zaidi ya mita za ujazo bilioni moja zinaweza kupotea hewani katika mwaka mmoja. Kumwaga ovyo ni hasara na kulimbikiza kupita kiasi ni hasara. Ndiyo sababu kila bwawa linahitaji mwongozo ulioandikwa, unaosema mwezi huu kina kiwe hapa, kikishuka chini ya hapo matumizi fulani yapunguzwe kwa kiasi fulani. Bila ya mwongozo huo, lango hufunguliwa kwa mahitaji ya siku, na siku zote mwenye sauti kubwa ndiye husikika.

3. MAGONJWA MAWILI, DAWA MOJA

Kati ya mwaka 1991 na 1995 nchi yetu iliingia katika mgao wa umeme, Mtera ikiwa imekauka karibu na kina cha chini. Katika wakati huo huo, kuanzia mwaka 1993, Ruaha Mkuu ulianza kukatika kabisa ndani ya Hifadhi kila kiangazi. Watu wengi walichukua mambo haya mawili wakayafanya kuwa moja. Wakasema mwenye hatia ni mkulima wa mpunga wa Usangu na mfugaji wa Ihefu.

Hapa uchambuzi wetu hauna budi kuwa makini. Kukatika kwa mto Hifadhini wakati wa kiangazi kulitokana kweli na matumizi ya juu ya mto. Mabanio yaliongezeka, mengine yakachepusha maji hata katika miezi ambayo jarubani hamna mpunga wa kumwagilia, na kiasi kidogo cha maji ya kiangazi kikaishia mifereji. Hilo ni kosa na lazima lisemwe.

Lakini Mtera haijazwi na maji ya kiangazi. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, ambayo hakuna banio la mkulima linaloweza kuyazuia. Watafiti waliochunguza kumbukumbu za mabwawa haya mwanzoni mwa miaka ya 2000 walionyesha kwamba ghala lilikauka hasa kwa sababu ya namna lilivyoendeshwa: maji yaliachiwa Mtera bila ya ulazima, wakati Kidatu ingeweza kujitosheleza. Yaani ugonjwa wa Hifadhi ulikuwa mabanioni na ugonjwa wa umeme ulikuwa langoni.

Je, dawa ilikwenda wapi? Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo aliahidi kwamba ifikapo mwaka 2010 Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 maelfu ya wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, wengi wakielekezwa mikoa ya kusini. Mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2010 ulifika na kupita, na mto ukaendelea kukatika. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe njiani hakurudishiwa, na lango halikuulizwa swali.

Tunayasema haya kwa nia ya kujikosoa. Chama kisichojikosoa huwaachia wengine kazi hiyo. Fundisho ni kwamba pale mnyonge na chombo kikubwa wanapotuhumiwa pamoja, lawama hutelemka kama maji, zikimfuata aliye chini. Kazi ya kada ni kuuliza takwimu kabla ya kuunga mkono hukumu.

4. WASIOHESABIWA LANGONI

Katika hesabu za bwawa mara nyingi huandikwa umeme tu. Wako wengine.

Yuko mvuvi wa Mtera. Perege hutengeneza viota vyake katika maji ya kina kifupi kando ya bwawa. Maji yakipanda taratibu na kufunika majani, samaki hupata chakula na maficho, na vifaranga hukua. Maji yakishushwa ghafla viota hubaki nchi kavu, na samaki wakubwa hukusanyika katika dimbwi dogo ambako kokoro huwamaliza. Mvuvi haombi bwawa lijae daima. Anaomba lisishuke kwa kishindo katika miezi ya kuzaliana, na aambiwe mapema.

Yuko mkulima aliye chini ya mabwawa, pamoja na mashamba ya miwa ya Kilombero. Huyu anahitaji maji yasiyokatika kiangazi. Mtambo unaowashwa jioni na kupunguzwa usiku humpandishia na kumshushia mto ndani ya siku moja.

Na yuko anayekuja mtoni kuburudika na kutazama viumbe. Wako wanaoona hii ni anasa ya wageni. Lakini katika Hifadhi ya Ruaha watalii hufuata wanyama, na wanyama kiangazi hufuata mto. Mto ukikatika viboko hujazana katika madimbwi machafu na hufa, na mapato ya Taifa pamoja na ajira za vijana wa vijiji jirani hupungua.

Wengine wamekwisha kulipambana na jambo hili. Huko Marekani, bwawa la Glen Canyon katika mto Colorado lilianza kujazwa mwaka 1963, na kwa miaka mingi maji yaliachiwa kwa kufuata mahitaji ya umeme ya kila saa. Fukwe za mchanga ambazo wasafiri wa mitumbwi hupiga kambi zikaliwa na maji. Mwaka 1992 ikapitishwa sheria ya kuulinda mto ulio chini ya bwawa hilo, na mwaka 1996 yakaachiwa kwa makusudi mafuriko ya siku saba ili kurudisha mchanga kando ya mto. Nchi ya kibepari iliyozoea kupima kila kitu kwa fedha ilibidi ikubali kwamba mto una kazi nyingine zaidi ya umeme.

5. HALI MPYA NA WAJIBU WETU

Hali ya leo si ile ya mwaka 1992. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022 na kutoa umeme mwanzoni mwa 2024. Megawati 284 za Mtera na Kidatu si tena shingo ya Taifa. Maji yanayomwagika Kidatu sasa hudakwa tena huko chini. Nafasi imepatikana ya kuandika upya mwongozo wa Mtera ili mvuvi, mkulima na Hifadhi wahesabiwe. Wakati huo huo, mafuriko ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti yameonyesha kwamba swali la lango limehamia huko pia. Mkulima wa bonde la Rufiji anahitaji mafuriko ya kiasi yanayorutubisha shamba na kulisha mabwawa ya asili, na kamba wa delta wanahitaji maji baridi ya mto.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kuhifadhi mazingira, ndipo shughuli nyingine zifuate. Bodi ya Maji ya Bonde ipo, na jumuiya za watumia maji zipo. Kinachohitajika ni uhai ndani yake. Kwa hiyo kada wa bonde la mto ana wajibu wa mambo matatu.

Kwanza, ajifunze kusoma kina cha bwawa kama anavyosoma taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji, na ahakikishe kina hicho kinabandikwa mahali pa wazi kila wiki.

Pili, adai kwamba mwongozo wa kuachia maji ujadiliwe na wakulima, wavuvi, wafugaji na watu wa Hifadhi kabla ya masika, wataalamu wakieleza na wananchi wakiuliza. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kutufundisha kwamba mipango inayowahusu watu haiwezi kuamuliwa bila ya watu.

Tatu, awaambie ukweli wakulima wake mwenyewe. Banio linalochepusha maji kiangazi wakati shamba halina mpunga lifungwe. Hatuwezi kudai lango la juu liendeshwe kwa haki huku lango letu dogo tukiliacha wazi usiku kucha.

MASWALI YA KUJADILI

(a) Katika eneo lenu, nani anafungua lango au banio, na kwa kanuni gani?
(b) Kina kikishuka, nani hupunguziwa maji wa kwanza? Kwa nini yeye?
(c) Yuko nani anayeathirika ambaye hajawahi kuitwa mkutanoni?