Namib: Jangwa Linalonyweshwa na Ukungu

Jangwa la Namib, linaloanzia kusini mwa Angola, likafuata pwani yote ya Namibia na kuishia kaskazini magharibi mwa Afrika Kusini, humshangaza mtu aliyezoea kudhani kwamba palipo na bahari hapakosi mvua, kwa kuwa mchanga wake umeufikia ufuko wenyewe wa Atlantiki. Chanzo cha ukame huo ni bahari hiyohiyo. Mkondo wa Benguela, yaani maji baridi yanayotembea kutoka kusini kandokando ya bara, huipoza hewa inayopita juu yake, na hewa iliyopoa haina nguvu ya kupaa na kujenga mawingu ya mvua, bali hutanda chini ikawa ukungu ambao upepo huusukuma nchi kavu kwa makumi ya kilomita. Sehemu za pwani hiyo hupata chini ya milimita 20 za mvua kwa mwaka mzima, ilhali Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Hivyo uhai wa Namib hautegemei sana mawingu ya juu, bali unyevu unaokuja kwa ubavu kutoka baharini.

Anayeutumia unyevu huo kwa ustadi kuliko wote ni mbawakawa mdogo mweusi aitwaye kwa jina la kisayansi Onymacris unguicularis. Kwa kawaida mdudu huyu hutembea mchana na usiku hujifukia mchangani. Lakini ukungu unapoingia kabla ya jua kuchomoza, hutoka kwenye baridi ambayo humfanya aende kwa shida, akapanda hadi kwenye ukingo wa tuta la mchanga, akauelekea upepo, kisha akainamisha kichwa na kuinua sehemu ya nyuma ya mwili. Matone hujikusanya mgongoni na kuteremka hadi kinywani, na kwa asubuhi moja anaweza kunywa maji yanayokaribia theluthi ya uzito wake. Sifa hii imevuma kiasi kwamba mara nyingi hutajwa kama desturi ya mbawakawa wote wa Namib, jambo ambalo si kweli, kwani wanaofanya hivyo ni aina chache mno. Jamaa zao wa jenasi ya Lepidochora hawainamishi kichwa kamwe: wao huchimba vifereji vinavyokingama na upepo, wakaacha kingo za mchanga zinase ukungu, halafu wakarudi kufyonza unyevu ulioshikwa humo.

Kwa upande wa mimea, hakuna uliozua mjadala kama welwitschia, ambao mtaalamu wa mimea kutoka Austria, Friedrich Welwitsch, aliukuta kusini mwa Angola mwaka 1859. Mmea huu una undugu na misonobari kwa kuwa huzaa mbegu ndani ya koni badala ya matunda, na baada ya kuchipua huota majani mawili tu ambayo hayapukutiki, bali hukua kutokea shinani mwaka hadi mwaka huku ncha zikikauka na kuchanwa na upepo, hata mtazamaji akadhani ni rundo la majani mengi. Baadhi ya welwitschia wameishi zaidi ya miaka 1,000 kwa majani hayohayo mawili. Imezoeleka kuandikwa kwamba majani hayo hunywa ukungu, lakini wataalamu bado wanabishana juu ya hilo, na wengi huipa mizizi sifa kubwa zaidi.

Wanyama wakubwa hutumia mbinu nyingine, na hapa Namib inakutana na Afrika Mashariki. Choroa wa Namib ana ndugu zake katika nyika za Kenya na Tanzania, na ni majaribio yaliyofanyika Kenya katika miaka ya 1960 yaliyodhihirisha kwamba choroa aliyenyimwa maji huacha joto la mwili wake lipande hadi kupita nyuzi 45 za Selsiasi, badala ya kupoteza maji kwa kutoka jasho. Ubongo wake hausalimiki kwa bahati: damu iendayo kichwani hupita kwenye mtandao wa vimishipa vyembamba, ambamo hupozwa na damu inayorudi kutoka puani. Tena choroa hupenda kula usiku, wakati majani makavu yamekwisha kufyonza unyevu wa hewa. Firigogo naye, ndege afananaye na njiwa, hana hila ya kukwepa maji. Dume huruka hata kilomita 20 au zaidi hadi kisimani, akalowesha manyoya ya tumbo yaliyoumbika kama sifongo, akawarudia makinda ambao huyanyonya maji kutoka humo.

Yote hayo yamejengeka kwa muda mrefu mno, kwa kuwa Namib huhesabiwa miongoni mwa majangwa makongwe zaidi duniani, na mwaka 2013 eneo lake la bahari ya mchanga liliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, sehemu iliyo rahisi zaidi kudhuriwa si matuta hayo, ambayo upepo huyafuta nyayo kwa siku chache, bali ni tambarare za changarawe zilizofunikwa na likeni, yaani viumbe vinavyotokana na muungano wa kuvu na mwani, ambavyo huishi kwa ukungu na kukua polepole sana. Gari likiacha barabara na kuzikanyaga mara moja tu, alama za magurudumu yake hubaki zikionekana kwa makumi ya miaka.