ISTILAHI ZA MUZIKI WA HEVI METALI: MFANO WA ALBAMU YA BLACK SABBATH

1. Utangulizi

Miongoni mwa rasimu tulizoletewa hivi karibuni ili tuzipitie, ilikuwamo tafsiri ya makala juu ya historia ya muziki wa Uingereza. Mfasiri wake, ambaye ni hodari katika kazi hii, aliandika ya kwamba vijana wanne wa mji wa Birmingham "walianzisha bendi ya metali nzito", na ya kwamba "mapokeo ya albamu yao yalikuwa mabaya". Sentensi hizo hazina kosa la sarufi. Lakini wiki hiyo hiyo mezani petu palikuwa na rasimu ya kijitabu cha afya kilichokusudiwa kuwaonya wachimbaji wadogo wa dhahabu juu ya sumu ya zebaki, nacho kiliieleza zebaki kuwa ni metali nzito. Tukajiuliza: mwanafunzi atakayesoma maandishi yote mawili ataelewa nini? Istilahi moja ikibeba dhana mbili zisizohusiana, atakayepata hasara si mfasiri bali ni msomaji, na katika jambo la sumu hasara hiyo si ndogo.

Kwa sababu hiyo tumeonelea tueleze hapa istilahi chache zinazohitajika katika kusimulia jinsi albamu ya muziki huo inavyotengenezwa na inavyopokewa. Tumechukua mfano wa albamu ya kwanza ya bendi ya Black Sabbath, iliyotolewa tarehe 13 Februari 1970, ambayo wengi huihesabu kuwa chimbuko la aina hiyo ya muziki.

2. Jina la aina ya muziki

Baadhi ya wasomaji hudhani ya kwamba jina la muziki huu limetokana na viwanda vya chuma vya Birmingham. Dhana hii inavutia, kwani mpiga gitaa wa bendi hiyo, Tony Iommi, akiwa na umri wa miaka 17, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine katika kiwanda cha mabati. Hata hivyo jina halikutoka huko. Maneno hayo yalisikika katika wimbo wa bendi ya Steppenwolf mwaka 1968, yakielezea ngurumo ya pikipiki, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wahakiki wakayatumia kuitaja aina ya muziki. Kwa hiyo jina hili ni tashbihi iliyoganda. Kulitafsiri neno kwa neno ni kuifufua tashbihi ambayo wenyewe hawaifikirii tena.

Tukitazama desturi yetu, majina ya aina za muziki hatuyatafsiri. Tulipokea rumba, jazi na rege kama zilivyokuja, tukazipa matamshi yetu. Neno jazi lina funzo zaidi: bendi za Tabora, Morogoro na Dar es Salaam zilijiita za jazi ingawa muziki wao wa dansi haukuwa ule wa Wamarekani weusi wa New Orleans. Jina lilihama, likapata maana mpya, wala hakuna aliyetatizika.

Kwa kufuata desturi hiyo tunapendekeza *hevi metali* kwa aina ya muziki, na *metali nzito* ibaki katika kemia, ambako risasi na zebaki ndiko ziliko.

Jina la bendi nalo lisitafsiriwe. Vijana hao, ambao hapo kwanza walijiita Earth, walilichukua jina lao jipya kutoka kwa filamu ya mwongozaji Mario Bava ya mwaka 1963. Filamu hiyo kwa Kitaliano iliitwa kwa maneno yenye maana ya nyuso tatu za hofu. Waliouza filamu hiyo kwa Kiingereza waliibuni jina jingine kabisa. Atakayeandika "Sabato Nyeusi" atakuwa anatafsiri kitu ambacho chenyewe hakikuwa tafsiri, na tena atawatia mashaka waumini bila sababu.

3. Istilahi za utengenezaji

*Albamu na santuri.* Wako wanaolikataa neno albamu kwa hoja ya kuwa ni kitabu cha picha. Hoja hiyo haina nguvu. Kabla ya mwaka 1948, ilipotokea santuri ya muda mrefu, santuri kadhaa ziliuzwa zikiwa zimefungwa katika jalada mithili ya kitabu, na jalada hilo ndilo lililoitwa albamu. Tunapendekeza *albamu* iwe ni mkusanyo wa nyimbo kama kazi moja, na *santuri* iwe ni kile kisahani kinachozunguka. Albamu yaweza kutolewa katika santuri au katika kanda, nayo ikabaki ile ile.

*Mtayarishaji na fundi mitambo.* Albamu tunayoizungumzia ilirekodiwa katika studio ya Regent Sound, London, mwezi Oktoba 1969. Aliyesimamia kazi alikuwa Rodger Bain, na aliyeshughulikia vyombo vya kurekodia alikuwa Tom Allom. Wa kwanza tumwite *mtayarishaji*, kama tulivyozoea katika vipindi vya redio. Neno "mzalishaji" liachiwe viwanda na mashamba. Wa pili ni *fundi mitambo*, neno ambalo redio imekwisha kulizoesha masikio ya wananchi.

*Kurekodi na kuwianisha sauti.* Bendi ilipewa siku mbili tu. Siku ya kwanza walipiga nyimbo zote kwa pamoja kama wapigavyo jukwaani, huku mwimbaji Ozzy Osbourne akiimba katika kichumba cha peke yake, na mashine ya kurekodia ilikuwa na njia nne tu za sauti. Siku ya pili ilitumika kupima sauti ya kila chombo, ipi ipandishwe na ipi ishushwe. Kazi hiyo ya pili wengi huiita "kuchanganya". Lakini kuchanganya kwaweza kuwa kuvuruga, na lengo la kazi hii ni kinyume chake. Tunapendekeza *kuwianisha sauti*. Milio ya mvua, radi na kengele inayofungua wimbo wa kwanza iliongezwa baada ya bendi kumaliza kupiga. Hiyo tuiite *milio ya nyongeza*.

*Kirudio.* Muziki huu umejengwa juu ya kipande kifupi cha gitaa kinachopigwa tena na tena. Kukiita "kibwagizo" au "kiitikio" ni makosa, kwa sababu maneno hayo ni ya maneno yanayoimbwa. Tunapendekeza *kirudio cha gitaa*. Kirudio cha wimbo wa kwanza kina nota tatu tu: nota ya msingi, nota hiyo hiyo kwa sauti ya juu, kisha nota iliyo mbali na msingi kwa toni tatu kamili. Umbali huo wa mwisho ndio uipao sauti kitisho chake. Tunauita *mwachano wa toni tatu*.

*Mkwaruzo.* Sauti ya gitaa la umeme ikikuzwa kupita kiasi huharibika, na katika muziki huu uharibifu huo hutafutwa makusudi. "Upotoshaji" ni neno la lawama. Wasikilizaji wa redio husema redio inakwaruza. Basi *mkwaruzo* latosha.

*Kulegeza nyuzi.* Ili aweze kupiga, Iommi alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akatumia nyuzi nyembamba, na katika albamu ya tatu, ya mwaka 1971, akazishusha sauti za nyuzi. Wapigaji wa udi wa taarabu husema kukaza na kulegeza nyuzi. Hatuna haja ya kuazima neno jingine. Na vile vifuniko vina jina tangu zamani kwa mafundi cherehani: *kastabini*.

4. Mapokezi, siyo mapokeo

Sasa turudi kwenye sentensi ya pili ya rasimu. *Mapokeo* ni mambo tuliyorithi kwa waliotutangulia. Namna kazi ya sanaa inavyopokewa na watu ni *mapokezi*. Tofauti ni ya silabi moja, lakini ni kubwa.

Tena mapokezi hayo yana pande mbili ambazo mfasiri hana budi kuzitenga. Upande wa *wahakiki*, albamu hiyo ilishambuliwa: Lester Bangs, katika jarida la Rolling Stone la Marekani mwaka 1970, aliiona kuwa mwigo hafifu wa bendi ya Cream. Upande wa *wanunuzi*, ilifika nafasi ya 8 Uingereza na ya 23 Marekani. Kwa hiyo kuandika ya kuwa mapokezi "yalikuwa mabaya" ni kusema nusu ya habari.

Kadhalika *uhakiki* si hukumu ya milele. Mwaka 2017 jarida lile lile liliiweka albamu hiyo nafasi ya 5 katika orodha yake ya albamu bora 100 za muziki huu. Na tarehe 5 Julai 2025 bendi ilipopiga kwa mara ya mwisho katika kiwanja cha Villa Park, mtaani Aston walikokulia wanamuziki wake, bendi nyingi mashuhuri zilifika kuwaenzi. Osbourne alifariki tarehe 22 ya mwezi huo huo.

5. Hitimisho

Yaliyotajwa hapa ni mapendekezo. Neno kirudio hatujalisikia vya kutosha vinywani mwa wanamuziki wenyewe, na huenda wana lililo bora zaidi, tutafurahi kuletewa. Lakini juu ya metali nzito hatuna shaka. Tunawaomba wafasiri na walimu wailinde maana yake, ili mchimbaji atakapoisoma katika kijitabu kile ajue mara moja ya kuwa anaambiwa habari ya sumu.