Maana ya Neno "Mnara" (Sehemu ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tuliagana na neno sanamu, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni kinyago kiabudiwacho, na kwa ajili hiyo masheikh wengi hawapendi litajwe pamoja na marehemu wao. Leo tulitazame neno mnara.

Ukimwuliza kijana wa Kasulu au wa Kibondo mnara uko wapi, atakuonyesha mlingoti wa simu uliosimama kilimani. Wala hajakosea sana, maana manara ya Waarabu ni mahali pa nuru, palipowashwa taa ya kuwaongoza mabaharia, kisha ikawa mnara wa msikiti, anaponadi mwadhini. Hata ile m ya mwanzo ni yao, ila Waswahili waliipokea kana kwamba ni m ya mti na mlima, wakasema minara, na hakuna aliyelalamika.

Basi maana ya kumbukumbu iliingiaje katika neno hili? Wengi hudhani ililetwa na Wazungu, nami sikubali. Kaole karibu na Bagamoyo, na Malindi, yako makaburi ya kale yaliyojengewa minara ya mawe juu yake, na mji wa Mnarani, karibu na Kilifi, umepata jina lake kwa mnara wa namna hiyo. Kwa hiyo watu wa pwani walikwisha kuunganisha mnara na marehemu karne nyingi kabla ya Waingereza kusimamisha sanamu ya ukumbusho ya askari wa shaba, Dar es Salaam, mwaka 1927.

Huku bara mambo yana sura nyingine. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, ambako lugha ya wenyeji na Kiha cha huku kwetu ni ndugu, mahali palipokuwa na boma la mwami, yaani mfalme, hutambulikana kwa miti mikubwa, nao hupaita ikigabiro. Hakuna jiwe wala maandishi. Na pale Ujiji, Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, pamejengwa mnara wa mawe usio mrefu hata kidogo, lakini mgeni huulizia kwanza mwembe waliokutania chini yake. Nao mwembe wenyewe ulikwisha kufa, iliyopo ni miembe iliyotokana nao.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba jengo tuliite mnara wa kumbukumbu, kwa maneno yote mawili, tusije tukaelekezwa kwenye mlingoti wa simu. Na neno ukumbusho tuliachie uwanja mpana, liuchukue na mwembe. Ama makumbusho, ambalo wengi hulichanganya na hilo, tutalijia juma lijalo, inshallah.