Kilo 45 za Pamba: Samadi au Bahati?

Ndugu msikilizaji, hakuna hesabu inayopendwa katika mabaraza yetu na katika matangazo ya biashara kuliko wastani. Shule hii ina wastani wa juu kuliko ile. Dawa hii huponya upesi kuliko ile. Tunasomewa namba mbili, moja kubwa na moja ndogo, nasi papo hapo tunatoa hukumu. Wiki hii nataka tujiulize swali moja: wastani wa makundi mawili ukitofautiana, tutajuaje kwamba tofauti hiyo ni ya kweli, na si mchezo wa bahati?

Kwa kuwa swali hili lilikua shambani, na tulipeleke shambani. Nimechagua Ngulyati, kata ya wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu. Huko pamba ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Tuseme wakulima sita wa Ngulyati wanataka kujua kama samadi inaongeza mavuno. Namba nitakazozitaja nimezitunga mimi ili hesabu ieleweke, lakini swali lenyewe si la mchezo. Samadi hata kwa mwenye ng'ombe si ya bure. Lazima izolewe zizini, ipakiwe kwenye mkokoteni na kusambazwa kabla ya mvua, siku zile zile ambazo nguvu za familia zinahitajika kulima. Mtu akiambiwa jambo hili lina faida kumbe halina, amepoteza jasho la msimu mzima.

Basi kila mkulima ametenga ekari mbili zinazopakana, moja ikatiwa samadi na nyingine isitiwe. Wakati wa kupima, wa kwanza amepata kilo 150 bila samadi na 210 kwa samadi. Wa pili 400 na 420. Wa tatu 220 na 310. Wa nne 310 na 350. Wa tano 480 na 470, yaani kwake samadi imeshindwa. Wa sita 180 na 250. Ukikokotoa, ekari zisizo na samadi zina wastani wa kilo 290, na zenye samadi kilo 335. Tofauti ni kilo 45.

Hapo atasimama mbishi mmoja na kusema: "Kilo 45 ni bahati tu. Hata mashamba mawili yaliyolimwa sawasawa hayatoi mavuno sawa." Mbishi huyu ana haki ya kusikilizwa. Kwa kweli kanuni ya wanatakwimu ni kumpa nafasi ya kwanza, kama mahakama inavyomhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo. Tunakubali kwa muda kwamba samadi haifanyi lolote. Kisha tunauliza: kama ni hivyo, tofauti kubwa kama hii ingejitokeza yenyewe mara ngapi? Ikiwa ingejitokeza mara kwa mara, mbishi anabaki na hoja yake. Ikiwa ni nadra mno, tunaiacha dhana yake.

Hebu tupime kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuzitupa ekari zote katika mafungu mawili na kusahau nani ni nani. Tazama basi fungu lisilo na samadi: ekari moja imetoa kilo 150, nyingine 480. Palipo na mtawanyiko wa namna hiyo, tofauti ya wastani inaweza kuyumba kwa kilo kama 67 kwa bahati peke yake. Gawanya 45 kwa 67, unapata 0.67. Kwa mashamba 12 ya namna hii, jedwali la wanatakwimu linadai angalau 2.23 ndipo tuseme kwamba bahati ingeleta tofauti kubwa kiasi hicho chini ya mara moja katika ishirini. Sisi hatujafika hata nusu. Mbishi ameshinda.

Njia ya pili ni kumlinganisha kila mkulima na nafsi yake. Tofauti zinakuwa 60, 20, 90, 40, 10 ya kupungua, na 70. Wastani wake ni kilo 45 zile zile, lakini sasa kuyumba kwa bahati kumeshuka mpaka kilo 15 hivi. Gawanya 45 kwa 15, unapata 3. Kwa jozi sita jedwali linadai 2.57. Mbishi ameshindwa.

Pamba ni ile ile na mizani ni ile ile, ila hukumu imegeuka. Kwa nini? Kwa sababu njia ya kwanza ilichanganya tofauti ya samadi na tofauti ya wakulima wenyewe: mwenye udongo mzito na mwenye kichanga, aliyepalilia mapema na aliyechelewa. Njia ya pili iliziondoa kelele hizo, sauti ya samadi ikasikika. Wala hatuna ruhusa ya kujichagulia njia baada ya kuona jibu linalotupendeza. Njia ya pili ni halali hapa kwa sababu ekari zilipangwa kwa jozi tangu mwanzo. Na tofauti ya wastani pekee haina maana mpaka uiweke kando ya mtawanyiko uliomo ndani ya makundi.

Hesabu hii ina mwenyewe. William Sealy Gosset alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, akishughulika na shayiri na vipimo vichache vichache kama hivi vyetu sita. Mwaka 1908 alichapisha njia yake kwa jina la kujificha la Student, maana kiwanda hakikutaka wafanyakazi wake wachapishe kwa majina yao. Baadaye Ronald Fisher, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, akasisitiza jambo lingine: ekari ipi ipewe samadi iamuliwe kwa kura. Mkulima akijichagulia, ataitia samadi ekari iliyo karibu na nyumba, ambayo pengine ingezaa vizuri hata bila samadi.

Msikilizaji wa mjini asiseme kwamba haya ni ya watu wa pamba. Katika Kanda hiyo hiyo ya Ziwa, fikra hii iliwahi kupima jambo la uhai. Kuanzia mwaka 1991, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na AMREF na wataalamu kutoka London, walitaka kujua kama kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya kunapunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Walichukua maeneo 12 mkoani Mwanza, wakayapanga jozi sita za maeneo yanayofanana. Katika kila jozi eneo moja lilianzishiwa huduma hiyo na jingine likasubiri.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Baada ya miaka miwili, katika maeneo yenye huduma watu 48 kati ya 4,149 walikuwa wameambukizwa, yaani asilimia 1.2. Katika maeneo yaliyosubiri walikuwa 82 kati ya 4,400, yaani asilimia 1.9. Watafiti hawakuwahesabu watu hao wote kuwa mashahidi 8,549 wanaojitegemea, kwa kuwa watu wa eneo moja huishi pamoja na huambukizana. Walitazama jozi sita. Na katika jozi zote sita, eneo lenye huduma lilikuwa na maambukizi machache zaidi. Ukirusha shilingi mara sita, uwezekano wa kupata kichwa mara zote sita ni mmoja katika 64. Bahati haikuwa maelezo ya kutosha.

Hata hivyo, kipimo hiki si mganga wa kila swali. Kule Rakai, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwatibu watu wa vijiji vizima kwa wakati mmoja, wala haukuona tofauti ya maambukizi kati ya makundi mawili. Je, Rakai iliifuta Mwanza? La hasha. Njia ya tiba ilikuwa tofauti, na ugonjwa ulikuwa umeenea zaidi Rakai kuliko Mwanza. Kila jaribio hujibu swali lililoulizwa mahali lilipoulizwa.

Aidha, kushindwa kumwangusha mbishi si sawa na kuthibitisha kwamba hakuna tofauti. Pengine mashamba yalikuwa machache mno. Na kumwangusha hakusemi kwamba tofauti ni kubwa wala kwamba ina faida. Wakulima wetu wa Ngulyati bado wana kazi ya kuzidisha kilo 45 kwa bei ya msimu, kisha watoe gharama ya mkokoteni na siku za kazi. Takwimu zimewaambia samadi haikubahatisha. Kama inalipa, mfuko ndio utakaowaambia.

Na mara moja katika ishirini si sawa na kamwe. Mfanyabiashara akijaribu dawa ishirini zisizofaa kitu, moja inaweza kung'ara kwa bahati, na hiyo moja ndiyo atakayotuletea kwenye tangazo. Zile kumi na tisa hatutazisikia.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, nashauri ukiambiwa kundi hili limelishinda lile kwa wastani, uliza maswali manne. Walikuwa wangapi? Ndani ya kila kundi walitofautianaje? Nani aliamua nani aingie kundi lipi? Na yako wapi majaribio ambayo hayakufaulu? Anayeuza kitu cha kweli hatakasirika kwa maswali hayo. Akikasirika, basi bakiza fedha yako mfukoni mpaka atakapokuja mwenye majibu.