Dayton, Mji wa Mafundi wa Baiskeli

Kila aliyesoma habari za ndege ameambiwa kwamba binadamu aliruka kwa mara ya kwanza kwa chombo chenye injini kwenye mchanga wa Kitty Hawk, katika jimbo la North Carolina, tarehe 17 Desemba 1903. Lakini watu wa Dayton, mji wa wastani wa jimbo la Ohio wenye wakazi wapatao 137,000 kwa hesabu ya mwaka 2020, hushikilia kwamba cha North Carolina kilikuwa upepo tu, ama chombo chenyewe, na akili iliyokibuni, na mikono iliyokichonga, vyote vilitoka kwao. Nami naona haki iko upande wao.

Wilbur na Orville Wright, mtu na mdogo wake, hawakupata shahada ya chuo chochote. Walianza na matbaa ndogo, kisha wakaingia katika biashara ya kuunda na kuuza baiskeli, na faida ya baiskeli ndiyo iliyogharimia majaribio yao. Duka lao moja limehifadhiwa upande wa magharibi wa mji, jengo la matofali lisilo na fahari yoyote. Lile ambamo ndege ya kwanza iliundwa halipo tena, kwani Henry Ford alilinunua katika miaka ya 1930 akalihamishia Michigan pamoja na nyumba ya wazazi wao.

Katika matbaa ile, mwaka 1890, lilipigwa chapa gazeti la watu weusi la Dayton, mhariri wake akiwa Paul Laurence Dunbar, aliyesoma darasa moja na Orville, kijana ambaye wazazi wake wote wawili walikuwa watumwa huko Kentucky. Gazeti halikudumu, na Dunbar alipomaliza shule, milango ya ofisi ikafungwa mbele yake kwa sababu ya rangi yake, akawa mwendesha lifti kwa dola 4 kwa juma, akiwauzia abiria wake diwani yake ya kwanza. Nyumba aliyomnunulia mama yake mwaka 1904, naye mwenyewe akafia humo miaka miwili baadaye akiwa na umri wa miaka 33, sasa iko wazi kwa wageni, na vitabu vyake na meza yake vimo. Wageni wengi huipita kwa kuwa hawakuja kutafuta mashairi. Kwa maoni yangu haifai kupitwa.

Nje ya mji kuna Huffman Prairie, konde la majani matupu, na hapa ndipo kuruka kulipogeuka kutoka bahati kuwa elimu. Mwenye shamba aliwaruhusu ndugu hawa walitumie bila malipo, mradi wawaondoe kwanza ng'ombe na farasi. Na kwa kuwa upepo wa Ohio ni dhaifu, walisimamisha mnara wa miti, wakawa wanadondosha uzito kutoka juu yake ili kamba iivute ndege mpaka ishike mwendo. Magazeti ya mji hayakujali sana. Aliyeshuhudia ndege ikizunguka duara kamili mwezi wa Septemba 1904, akaandika aliyoyaona, ni Amos Root, mfuga nyuki, na habari hiyo kubwa ikatoka katika jarida lake la wafuga nyuki!

Ndege yao ya tatu, ambayo tarehe 5 Oktoba 1905 Wilbur aliirusha kwa dakika 39 juu ya konde hilo hilo, imewekwa katika bustani ya makumbusho ya Carillon, ndani ya shimo lililochimbwa sakafuni kwa shauri la Orville mwenyewe, ili mtazamaji aitazame kutoka juu. Iinamie uitazame vizuri: mbao nyembamba, kitambaa, nyaya, na minyororo inayopeleka nguvu ya injini kwenye mapanga mawili ya nyuma, ambayo fundi yeyote wa baiskeli angeitambua mara moja.

Tena Dayton kuna Makumbusho ya Jeshi la Anga la Marekani, yenye zaidi ya ndege na makombora 350 katika mabanda manne makubwa mno, na kuingia ni bure. Humo imo ndege iitwayo Bockscar, iliyodondosha bomu la atomiki juu ya Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945, ikimeta kama imetoka kiwandani jana, jambo ambalo mimi sikulipenda. Imo pia ile ambamo Lyndon Johnson alikula kiapo cha urais mwaka 1963, mwili wa mtangulizi wake, Kennedy, ukiwa humo humo, na mgeni huruhusiwa kupita ndani yake kwa ubavu, maana ujia wake ni mwembamba sana. Mwenye siku moja tu aanzie kondeni asubuhi, kisha aende bustanini na kwenye nyumba ya Dunbar, kwa sababu akitangulia kuingia katika mabanda hayo hatatoka mpaka saa kumi na moja jioni, milango inapofungwa.